Mke Wangu Alinitilia Maji Machoni Akidhani Ni Dawa

Laiti ningekataa! Neno moja tu lingeniokoa. Lakini nilikubali kuacha matone ya macho, na hakuna aliyenifunga kamba. Ninyi mnaonisoma, nihukumuni.

Nilikuwa askari, na bomu liliwahi kunijeruhi usoni. Miaka baadaye, nikiwa nyumbani, kijijini Wamaza, nikaanza kugonga mabega milangoni kwa kutoona pembeni. Muganga wa hospitali ya mjini Kasongo akanipima: presha ya macho.

"Mzee, kilichopotea hakirudi," aliniambia. "Matone haya yanalinda kilichobaki. Usiyaache."

Kisha tukasikia kwamba madaktari watakuja Kasongo kuwapima askari wa zamani, walioumia kazini wapate pensheni ya ulemavu. Rafiki yangu wa jeshini akanicheka, akiniita kwa cheo changu cha zamani.

"Ajida, weye unatembea bila fimbo, nani atakuamini? Acha dawa kwanza! Ukishapata pensheni, utatia matone hata mu masikio."

Nami nikacheka. Eeh, nilicheka!

Dawa ile mke wangu aliinunua kwa kuuza karanga. Kila alipoleta kichupa kipya, niliimwaga kwa siri, nikajaza maji ndani. Kila asubuhi aliniinamisha kichwa na kunitilia mwenyewe.

"Baba Asha, usipepese."

Nilitulia kama mtoto, nikijua ni maji.

Madaktari walikawia. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena. Giza lilinifunga kutoka pembeni, polepole, bila maumivu. Laiti lingeuma!

Walipofika, mke wangu aliniongoza kwa mkono. Daktari alinipima, akasoma vipimo vya kwanza, akashangaa.

"Mzee, kwa jeraha lile, hata macho uliyokuwa nayo mwanzo yangekupa haki yako. Dawa ulikuwa unatia?"

Mke wangu akanitangulia. "Kila siku, dokta! Ni miye namutilia na mikono yangu."

Hapo nikashindwa. Nikasema ukweli mbele yao wote. Uso wake sikuuona. Nilisikia tu mkono wake ukiniachia.

Wenzangu mliotumika jeshini, mtu akiwaambia muharibu mwili kidogo ili muaminiwe, mfukuzeni! Hata kama mlikula naye sahani moja.

Pensheni niliandikiwa, huja inapotaka. Mke wangu bado ananipikia, lakini hanishiki tena mkono. Jirani ndiye anayenipeleka njiani. Mimi ni kipofu wa macho yote mawili, na aliyenipofusha ni mimi.