Osiako na Plagi ya Winchi

Shemeji yangu Osiako hakuwahi kuonea wivu mali ya mtu. Jirani akinunua baiskeli, yeye ndiye wa kwanza kumpongeza. Lakini aliionea wivu plagi, tena wivu wa kumkosesha usingizi, na mtu asiniambie haiwezekani kwa sababu nilikuwepo.

Kazi yake ilikuwa kwenye pampu ya maji ukingoni mwa Nzoia, upande wa Matungu. Hapo palikuwa na mashua ndogo ya kuondolea matawi na takataka za miwa zilizoziba mdomo wa bomba, na winchi ya umeme ya kuipandisha kutoka majini. Mto ukianza kufura, mashua ilipandishwa kwanza, kisha mota ya winchi ikatenganishwa na umeme na kubebwa hadi stoo, juu ya ukingo. Mkichelewa, mto unaimeza mota.

Kwa miaka mingi nyaya za mota hiyo zilisokotwa tu na kufungwa tepu nyeusi. Ukizirudisha vibaya, mota inazunguka kinyume, na mashua inateremka badala ya kupanda. Aliyejua waya upi uende wapi ni Osiako peke yake. Kwa hiyo mto ukifura, mtu alitumwa kumtafuta popote alipo, hata kanisani. Osiako aliinuka polepole mbele za watu, akajipangusa suruali, akasema, "Mtanisamehe, mto unaniita." Jamani, alivyoyapenda maneno hayo!

Mwaka wa 1996 akaja fundi mpya, Jepchirchir, msichana wa Lugari. Aliukata ule msokoto wote, akafunga soketi kwenye nguzo na plagi kubwa ya buluu kwenye waya wa mota. Kisha akawaita wote waliofanya kazi pale, pamoja na dada yangu Navalayo, mke wa Osiako, aliyekuwa akipalilia bustani ya pampu.

"Mnazima swichi ya huku juu kwanza," alisema. "Halafu mnashika hapa, mnazungusha, mnavuta. Basi. Hata ukitaka kuiingiza vibaya, inakataa."

Kila mtu alijaribu. Navalayo alivuta, akacheka, akairudisha, akavuta tena.

"Hii hata kuku anaweza kuchomoa," Osiako alisema, na jioni hiyo hakumaliza ugali wake wa obusuma. Jepchirchir hakumuuma sana. Kilichomuuma ni kule kucheka kwa mkewe.

Tangu siku hiyo akawa hashikiki. Akimkuta mtu karibu na nguzo, anamfokea. Mto ulifura mara moja akiwa hapo hapo, na kabla hajavaa viatu vya mpira, Shikanga mlinzi alikuwa ameshavuta plagi. Wiki nzima hakumsalimia Shikanga.

Kisha mjomba wake akafariki, na tukapaswa kwenda Shianda kumzika. Navalayo alibaki kwa sababu ng'ombe wao alikaribia kuzaa. Nilipompitia Osiako pale pampu, nilimkuta akiizungushia plagi tepu ikiwa ndani ya soketi, gombo zima, mpaka buluu yote ikapotea.

"Ni ya kuzuia mvua," alisema kabla sijauliza.

Mvua gani, na Jepchirchir alikuwa ameweka kifuniko? Lakini shemeji ni shemeji. Tukiondoka alimwambia Shikanga, "Nikitafutwa niko Shianda, boma la mjomba, karibu na mashine ya kusaga. Waulize tu, watakuonyesha." Alirudia mara mbili.

Huko matangani mawingu yalikuwa yametanda upande wa Lugari, kunakotoka maji ya mto. Osiako aliyaona, akahamisha kiti chake nje ya hema, akakiweka kuelekea langoni.

"Shemeji, ingia ndani, utalowa."

"Niache tu. Watakuja."

Ingokho, nyama ya kuku, ilipakuliwa, akaiacha ikapoa. Kila baiskeli iliyokaribia lango, alijipangusa suruali. Baiskeli zilipita. Mpaka tulipoaga, uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Tulirudi jua likizama. Mto ulikuwa umefunika mawe yote, lakini mashua ilikuwa juu kabisa na mota imo stoo, imelazwa juu ya magunia. Watu walikuwa wakinywa chai kwa makelele, Navalayo katikati yao.

"Nani alifungua?" Osiako aliuliza.

"Mimi."

"Mama Phoebe, si ungetuma mtu aniite?"

"Wa nini, Baba Phoebe? Nilizima swichi, nikakata tepu na kisu cha mboga, nikavuta."

"Na hakuna mtu aliniulizia?"

"Shikanga aliuliza. Alitaka kujua kama ulienda na koti ya mvua ya stoo."

Watu waliangua kicheko. Navalayo alimvuta pembeni, nami nikawafuata na taa. Alifungua kiganja, ndani mna donge la tepu nyeusi.

"Huu ni mkono wako," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mfuko wa sukari unafunganga hivi, mwisho unakunja mara mbili. Sijaambia mtu."

Osiako aliingia stoo, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya mota, kisha juu, kisha nyuma, akitafuta tone moja la maji. Ilikuwa kavu. Nilimmulika usoni, nami nitasema nilichokiona: shemeji yangu alitamani mota ile iwe imelowa. Navalayo alikuwa begani kwangu, na aliona pia.