Mikono ya Golikipa

Ijumaa jioni madereva na walinzi Wakenya wa Jeddah hucheza mpira kwenye kiwanja cha vumbi kule Al-Mahjar. Bukta zao hazina mifuko, kwa hiyo kila mmoja humkabidhi golikipa ikama yake, ile kadi ya ukaazi ambayo bila hiyo mtu mweusi hapa si mtu. Golikipa hakimbii huku na huko. Na golikipa alikuwa Elphas.

Alitoka Butere, kiganja chake kipana kama sahani. Alikuwa mlinzi wa geti Riyadh kabla ya kupata kazi ya udereva mtaa wa Aziziya hapa Jeddah, kuwapeleka shule watoto wa kafili wake, tajiri aliyemdhamini, Abu Nawaf. Alijivunia mikono yake.

"Imebeba watoto wa watu na kadi za watu," alisema Ijumaa moja akifunga mfuko wa ikama. "Haijadondosha kitu."

"Hata mashuti ya Lawrence?" Brayo, mchezaji mwenzake, alimtania.

"Mashuti ya Lawrence ni ya kuokota, si ya kudaka!"

Upande wa pili wa kiwanja hichohicho vijana wenyeji walikuwa wakicheza pia. Gari la polisi likawapita bila kuwauliza kitu, likaja moja kwa moja kwa weusi.

"Karao!" Brayo alipiga kelele, na timu nzima ikatawanyika. Wote walikuwa na ikama halali. Lakini ikama zilikuwa kwa Elphas, na mweusi asiyeweza kuonyesha kadi papo hapo hulala ndani.

Elphas alibaki golini amekumbatia mfuko. Aliamini kwamba mwenye karatasi safi haguswi.

"Ikama!" askari alisema.

Akampa mfuko mzima. Askari akachungulia ndani.

"Umeziiba wapi, ya abd?" Abd ni mtumwa. Hapa neno hilo hutamkwa kirahisi, kama mtu anayeomba chumvi.

"Ni za wenzangu, bosi. Nikuonyeshe yangu."

"Mbona wamekimbia?"

"Wameogopa."

"Asiye na hatia anaogopa nini?"

Elphas alikuwa bado anatafuta maneno ya Kiarabu wakati rungu liliposhuka kwenye vidole vyake vya kulia, likajibu kwa niaba yake. Likashuka tena. Vijana wa upande wa pili walisimamisha mpira wakatazama, kisha wakaendelea kucheza.

Elphas alipopelekwa kituoni na mfuko, wenzake walijipeleka huko wenyewe, jezi zikiwa bado na jasho. Askari aliangalia picha, akaangalia nyuso, akachoka haraka. Akamwaga kadi sakafuni.

"Jichagulieni. Sura yenu ni moja."

Wanaume wazima wakapiga magoti wakijitafuta kwenye vigae. Elphas aliwatazama akiwa kwenye benchi, mkono umevimba.

"Zimetimia?" aliuliza.

"Zimetimia, kipa," Brayo alijibu, akikwepa kuutazama ule mkono.

Kisha akaja Abu Nawaf. Aliuona mkono. Hakuuliza nani aliuvunja.

"Jumapili nani atawapeleka watoto shule?"

"Baba, nikienda hospitali, mkono utapona tu…" Elphas alianza.

"Mafi, hakuna dereva wa mkono mmoja. Halas, basi. Utarudi kwenu."

Nimesikia watu waliosoma wakisema kwamba ukifuata sheria ya nchi ya watu, nchi hiyo itakuheshimu. Waende wamwambie Elphas.

Uwanja wa ndege kuna mashine ya kusoma vidole kabla ya kuondoka. Ofisa alimwonyesha kioo, akaagiza mkono wa kulia. Elphas akaweka vidole vyake taratibu, vimevimba, kucha zimekuwa nyeusi. Taa ikawaka nyekundu.

"Tena."

Nyekundu.

"Bosi, tafadhali, tumia wa kushoto."

"Nimesema wa kulia!"

Ofisa akaudaka mkono wenyewe, akavikandamiza vidole kwenye kioo kwa uzito wake wote. Elphas aliuma meno asipige kelele. Nyuma yake foleni ilinung'unika kwamba anawachelewesha. Ikama yake ilikuwa mezani, picha ikiangalia juu.

"Huyu ni nani?" ofisa alimuuliza kwa Kiarabu mwenzake wa kaunta ya pili. "Mashine haimjui."

Elphas alielewa kila neno.