Waya Mmoja wa Nyumba ya Athmani

Kama hujawahi kukaa nyumba moja na simu ya mtaa, usimcheke Esha. Sisemi hizi simu za mfukoni ambazo ukichoka unazima unalala zako. Nasema ile simu nyeusi nzito, ya kuzungusha namba kwa kidole, iliyokaa juu ya kimeza sebuleni kwa mumewe Athmani, hapo Garsen, imefunikwa kitambaa alichokifuma Esha mwenyewe. Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, upande wao wa mji hapakuwa na nyingine ya nyumbani. Na simu ikiwa peke yake inakuwa ya watu wote, mwenye nyumba ndiye anayeitumikia.

Esha alizaliwa Kipini, kule mto unakoingia baharini, akaletwa Garsen akiwa bibi harusi. Athmani aliuza mabati na misumari, na alikuwa mwema kupita kiasi. Neno hapana lilimshinda kabisa. Jirani akiomba namba ya simu awape jamaa zake, Athmani anampa, tena anamshukuru kwa kuomba. Haukupita muda mrefu, nusu ya mtaa ikawa inatafutwa kwa namba yake. Kengele inalia, Esha anaacha kukanda unga, anakimbia, na sauti kutoka Garissa inamwambia bila hata haya: niitie Dadacha. Esha huyo, anajitanda kanga anavuka barabara kumtafuta Dadacha, mfanyabiashara wa ng'ombe, Muorma, ambaye daima alikuwa mahali pengine.

Akiwa uani na kengele ikaanza kulia, alikuwa na mtindo wa kuijibu kwa mbali, kwa Kiswahili cha kwao: "Naya, naya," yaani nakuja. Watu wa Garsen walimcheka sana kwa hilo. Rosina, jirani yake Mpokomo mwenye hoteli ya chai, alimuuliza kama simu ina masikio. Esha akamjibu kwamba simu haina, lakini mamake anayo. Kweli wengi waliopiga walikuwa watu wa Dadacha na wa Rosina, ila yeye kila kengele aliikimbilia kama ya mamake. Na mama huyo, akipata simu ya kuazima, alikuwa haanzi kwa salamu. Alisikia mtu anahema upande wa pili akauliza: "Umekimbia tena?"

Kumwendea ndiko kulikokuwa kazi. Kila Esha akitaka kwenda Kipini alale siku mbili tatu, Athmani alikuna kidevu na kusema, kwa upole wake ule unaoudhi kuliko matusi, "Sasa hii simu tunamwachia nani?" Arusi za watu alihudhuria nusu, matanga nusu. Alikuwa akienda kwao asubuhi na kurudi jioni ile ile, chai ya mamake ikiwa haijamshuka vizuri. Mimi ningeuzamisha mtoni mkebe ule. Esha hakuuzamisha, alikasirika tu na kuendelea kufagia.

Basi Athmani akaja na werevu wake. Alimleta Danson, fundi wa mtaani aliyewahi kuchimba mashimo ya nguzo za simu na akarudi nyumbani na ujuzi kiasi na masanduku ya simu kuukuu. Danson alivuta waya kutoka sebuleni kwa Athmani akaupitisha juu ya mabati hadi kwa Dadacha, akapeleka mwingine hotelini kwa Rosina, na mwingine kwa Sadik, fundi cherehani. Namba ni ile ile na laini ni ile ile, ila kila nyumba ina simu yake na kengele yake. Wakubwa wa simu hawakuulizwa. Athmani alisema mtu akija kuomba moto humuulizi kwanza aliyeunda kiberiti.

Esha alifurahi, kusema kweli. Kengele ikilia ililia kote, na adabu yao ilikuwa hivi: wote wananyanyua, wote wanatoa salamu, kisha anaulizwa mgeni anamtaka nani. Anayetakiwa anabaki na wengine wanaweka chini. Wengine, tuseme tu, walichelewa kuweka. Dadacha akipigiwa ndiyo siku imekwisha, maana Muorma hakwambii jambo kabla hajajua nagaa ya kila kitu. Unaulizwa amani ya watu, ya ng'ombe, ya nyasi, ya watoto, kisha ya ng'ombe tena. Ukinyanyua simu umpigie mtu wako, unamkuta Dadacha bado yuko kwenye nyasi. Lakini angalau miguu ya Esha ilipumzika, na akaanza kuota kwenda Kipini kukaa wiki nzima.

Mvua ikamkatiza. Ile ya El Nino, waliokuwepo wanaijua. Ilianza Oktoba na haikuwa na haja ya kupumzika. Katikati yake mamake Esha akashikwa na kifua, na mdogo wake Esha, Abdulhakim, akampeleka hospitali Malindi. Akapiga kutoka kibanda cha simu cha barabarani.

"Dada, usije kwanza," alisema. "Huenda wakamhamishia Mombasa, huenda wakamruhusu arudi. Ukija sasa tutapishana njiani. Nikijua moja nitakupigia, na nikikupigia usingoje kesho, maana barabara hii haina siku nyingi."

"Anasemaje mama?"

"Anauliza kama umekimbia."

Esha alicheka, akalia, akaweka chini. Kuanzia hapo uhai wake wote uliingia ndani ya simu ile. Abdulhakim hakuwa na namba ya kupigiwa, kibanda cha barabarani ni cha kila mtu, kwa hiyo yeye wa Garsen hakuwa na la kufanya ila kungoja. Na hofu ilimkaa mahali pamoja: jiko lake lilikuwa uani, la mabati, na mvua ile ikipiga bati husikii hata mtoto akilia ubavuni pako. Je, kengele ikilia yuko jikoni? Athmani yuko dukani. Majirani watanyanyua, ndiyo, lakini Rosina atakuwa na wateja, Dadacha atakuwa malishoni, Sadik anaswali.

Akamwita Danson mwenyewe. Alimwomba amvutie simu nyingine, ya tano, imkae jikoni karibu na mafiga. Danson alikuwa nayo moja ya kijani, yenye ufa. Aliifunga ukutani, akanyanyua, akasikiliza ule mlio wa laini, akampa Esha asikilize naye. "Mama, hii hata ukikaanga samaki utaisikia," alisema, na wote wawili wakaamini.

Baada ya hapo kukawa kimya. Siku ya kwanza Esha alishukuru. Siku zilizofuata alianza kunyanyua simu kila alipopita, ya sebuleni, ya jikoni, na kila mara laini ilikuwa hai. Dadacha alipiga Garissa akauliza hali ya ng'ombe mpaka akatosheka. Sadik alipiga Hola. Kupiga kulikwenda sawa, ila hakuna aliyepigiwa, na mtaa mzima uliona ni mambo ya mvua: watu wanahamisha mifugo, watu wanahamisha magodoro, nani ana muda wa simu. Hata mimi ningefikiri hivyo.

Asubuhi moja Rosina alikuja mbio, kichwani karatasi ya nailoni.

"Dada Esha, kuna dereva wa lori amekunywa chai kwangu. Anaondokea Minjila, pale njia panda, sasa hivi kwenda Malindi. Anasema maji yameanza kupanda barabarani, hajui kama kuna gari litapita nyuma yake. Mbele kuna nafasi. Nimemwambia akungoje."

Esha alikuwa na mfuko tayari, ulikuwa umefungwa tangu mama alazwe. Alivaa buibui. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi sebuleni, akanyanyua mkono wa simu. Mlio ulikuwepo, mzuri, mnene. Athmani alikuwa ameegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakusema lolote kuhusu nani ataachiwa simu.

"Wangekuwa wananihitaji wangepiga," Esha alisema. "Na kama wamempeleka Mombasa? Nitafika Malindi nianze kuuliza vitanda?"

"Ni juu yako," Athmani alisema. "Ukienda nitakaa mimi hapa."

Rosina alimvuta mkono. Esha alibaki ameshika simu, anaisikiliza, kama mtu anayengoja mwingine amalize kusema. Kisha akavua buibui. Lori liliondoka, na kabla ya giza habari zikaja kwamba barabara imekatika.

Mji ukawa kisiwa. Maji upande wa mto, maji upande wa Malindi, maji njia ya Kipini, na watu wa vijijini wakiingia Garsen na kuku zao na mikeka, wakilala popote penye mwinuko. Esha alipika chungu kikubwa kwa ajili yao, akawatandikia sebuleni, lakini alikataza mtu kukaa karibu na kimeza. Watoto walimwogopa. Alikuwa amezungukwa na watu kuliko wakati wowote wa maisha yake na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumpeleka anakotaka.

Halafu maji yakaingia hotelini kwa Rosina. Yaliingia taratibu, chini ya mlango, na Rosina akaanza kuokoa vitu: sufuria, unga, redio. Alipofika kwenye simu aliivuta kwa nguvu, waya ukatoka ukutani, akaipakata kifuani na kuipandisha darini.

Muda mfupi baadaye, nyumbani kwa Athmani, kengele ikalia.

Ililia sebuleni, ikalia jikoni, ikasikika mpaka kwa Sadik. Esha alikuwa uani anakinga maji ya bati. Aliangusha ndoo. "Naya, naya," alisema, akakimbia, akateleza, akainuka na tope lake akaruka mikeka ya watu.

Alikuwa Abdulhakim. Hakutoa salamu.

"Kumbe upo," alisema. "Tumepiga mpaka vidole vimeota sugu. Inalia, inalia, hakuna anayeshika. Mama alikutaka, dada. Barabara ilikuwa bado wazi. Tulimzika juzi."

Kwenye waya ikasikika pumzi ya mtu mwingine, maana majirani nao walikuwa wamenyanyua, kwa adabu ile ile. Dadacha ndiye aliyesema Inna lillahi, kwa sauti ya chini. Esha alitaka kusema kwamba haikulia, wallahi haikulia, lakini Abdulhakim alikuwa amekwisha kukata.

Danson aliitwa. Alizunguka nyumba zote ndani ya maji, akachomeka simu ya Rosina, akaenda nyumba ya simu ya mji akamwomba opereta apige. Kimya. Akarudi akaichomoa, opereta akapiga tena, zikalia. Alirudi akasimama uani, kofia mkononi.

"Nguvu ya kugonga kengele inatumwa kutoka kule, na ni kidogo," alisema. "Zikiwa nne zinagawana na zote zinagonga. Zikiwa tano, hakuna inayopata ya kutosha hata kusogea. Anayepiga yeye anasikia inalia. Sikujua, mama. Nilisikiliza laini tu. Sikungoja mtu apige."

Esha hakumuuliza ya tano ni ipi. Aliingia jikoni akakaa chini mbele ya ile simu ya kijani, na Athmani aliyemfuata alirudi nje. Hasira haikuwa na pa kwenda. Aliyeomba ni yeye, na aliomba kwa kumpenda mamake.

Siku ya hitima Abdulhakim alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imelainika kwa uchovu. Safari hii Esha alimweleza yote, kengele, waya, jiko, lori la Minjila, akirudia maneno kama mshitakiwa.

"Nilikuwa nimekuficha jambo," Abdulhakim alisema. "Nilikuwa na hasira. Mle hospitalini sista alituonea huruma, akatuvutia simu ya ofisini karibu na kitanda, mama akashika mwenyewe. Ikalia sana. Nikamwambia, mama, weka, hakuna mtu. Akakataa. Akasema, iache ilie, Esha yuko uani, yuaya."

Esha alibaki ameishika simu kwa mikono miwili. Upande wa Dadacha na upande wa Sadik, hakuna aliyeweka chini.