Chungwa la Fundi Chaji

Mtaani jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Alikuwa Chaji, fundi wa betri za magari. Betri ambazo wengine wamezikatia tamaa alizipasua, akasugua vyuma vya ndani kwa brashi ya waya mpaka vumbi la kijivu likamkaa kwenye kope, kisha akayeyusha risasi, ile metali laini ya ndani ya betri, na kuunda vichwa vipya.

Vidonda vya mikono yake vilipoanza kuchelewa kupona, daktari wa zahanati, mama wa makamo, alimweleza kwamba risasi huharibu hata chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Akamshauri ale matunda. Yana antioksidanti, viini vinavyopunguza uharibifu wa aina hiyo, na huenda vikazikinga chembe hizo.

Tangu siku hiyo benchi la Chaji halikukosa machungwa.

"Umegeuka popo?" mwenzake alimtania.

"Popo mwenye kinga," alijibu, akimenya kwa kidole gumba.

Jioni alirudi na chungwa la Kidoti, bintiye ambaye hajaanza shule. Mtoto huyo hakuishiwa na maradhi: kikohozi kikitoka, majipu yanaingia. Chaji aliamini dawa iko mfukoni mwake.

"Kanawe kwanza, mwanangu," alimwambia kila mara, na Kidoti alikimbia kunawa. Chaji mwenyewe alikwisha kujifuta kwa kitambaa chenye petroli kule karakana, na kwa fundi huko ndiko kunawa. Akamenya, akamlisha kipande kimoja kimoja.

Majipu yalipozidi, Chaji na mkewe walimpeleka mtoto zahanati, akapimwa damu. Daktari aliyasoma majibu mara mbili.

"Huyu anacheza karakana?"

"Hajawahi kukanyaga kule, daktari."

"Basi risasi hii yote ameipata wapi?"

Mkewe alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti.

Kidoti, aliyechoka kungoja, alichomoa chungwa mfukoni mwa baba yake na kumpa. Mikono ya Chaji ilifanya ilichozoea. Gumba likazama kwenye ganda, na maji yaliyotiririka chini ya ukucha yalikuwa ya kijivu.

Daktari akamshika kiganja. "Subiri, baba."

Wote wakaitazama alama ya kidole kwenye nyama ya chungwa.

"Nimejifuta," Chaji alinong'ona. "Kwa petroli."

"Petroli inaondoa grisi unayoiona, vumbi la risasi linabaki," daktari alisema taratibu. "Matunda aendelee kula, huenda yakamsaidia. Lakini hayawezi kushindana na risasi unayomlisha nayo."

"Kila jioni, baba Kidoti," mkewe alisema. "Kila jioni."

Sasa Chaji huoga kwa sabuni na kubadili nguo karakana kabla ya kurudi. Kipimo cha pili kilionyesha risasi inashuka. Hata hivyo, Kidoti akimletea chungwa, baba huficha mikono nyuma.

"Mpe mama amenye."

"Umenikasirikia?"

"Hapana, mwanangu. Mpe mama."