Chacha Alivyomwachia Marwa Njia

Niliondoka Tarime kwenda Mugumu kwa sababu moja tu: kumshinda Marwa. Kati ya waendesha baiskeli wa kulipwa wa mkoa wetu, mimi na yeye ndio wenye kasi kuliko wote mita za mwisho, na timu ya mkoa ilikuwa na nafasi moja tu ya mtu wa aina yetu. Atakayetangulia Mugumu ndiye angeichukua. Mara ya mwisho alinishinda kwa upana wa tairi, kisha akanipigapiga begani kama mtoto. Niliumia sana.

Asubuhi tulianzia Tarime mjini. Mbele yangu alikuwa Chacha, mwenzangu wa klabu. Kazi yake ilikuwa kunikatia upepo njia nzima, na mwishoni anivute kwa nguvu zake zote huku akimbana yeyote atakayejaribu kupita upande wetu. Baba yangu, fundi cherehani aliyehamia kutoka Tanga kabla sijazaliwa, alitoka dukani kutuaga.

"Mwanangu namkabidhi kwako," alimwambia Chacha.

"Usijali, mzee. Nitamfikisha."

Kewanja tulikula vumbi la malori ya mgodini. Marwa alikuwa nyuma yangu, amejibanza, anapumzika kwa jasho la wengine. Nilitamani kumtemea mate.

Baada ya daraja la mto Mara, milima ilitupunguza tukabaki wachache. Chacha alinipa maji yake akisema hana kiu, na midomo yake imekauka. Nilimwamini kabisa.

Mugumu watu walikuwa wamejaa kando ya barabara. Chacha akaongeza kasi ukingoni kushoto, nami nikamganda. Miguu yangu ilikuwa bado ina nguvu. Marwa akaja kushoto kwetu, mahali ambapo hapakuwa na nafasi, nikajua sasa Chacha atambana. Chacha akageuka, akaona ni nani, akasogea kulia. Marwa akapita. Mimi, niliyekuwa nimeanza kutokea kulia kwake, nikabaki nimezibwa na tairi la mwenzangu, nimeshika breki mbele ya utepe. Breki, jamani.

Nilimkaba Chacha kola. "Umenifanya nini?"

"Marwa ni saro yangu," alisema taratibu. "Tumetahiriwa siku moja, damu yetu imemwagika pamoja. Siwezi kumsukumia mtaroni mbele ya watu."

"Si ungeniambia Tarime?"

"Nilidhani tutamwacha huko milimani."

Usiku nililala hapo Mugumu kwa rafiki wa baba, muuza vitambaa aliyetoka naye Tanga. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote.

"Mambo ya saro usiyaingilie," alisema akinimiminia chai.

"Lakini mimi nimezaliwa huku, mzee."

"Hata wanangu wamezaliwa huku."

Kesho yake tulirudi kwa baiskeli. Chacha alitangulia kunikatia upepo bila kuombwa. Nilitoka nyuma yake, nikapambana na upepo mwenyewe. Kewanja vijana wakamuuliza nani kashinda. "Saro yetu," akajibu, bila kunitazama.

Nimejifunza, na bado nina hasira. Siku nyingine, kabla ya kukubali mtu anivute, nitamuuliza alitahiriwa pamoja na akina nani. Naye akiniuliza mimi, itabidi nimwambie ukweli: hospitali, peke yangu, baba kanishika mkono.