Kona Nne za Nyumba ya Bibi

Wiki iliyopita nimeshushiwa mabati uani kwangu. Yamekuja juu ya guta, yamefungwa kamba ya katani, yana kutu mpaka huwezi kujua yaling'aa lini. Aliyeyaleta ni mdogo wangu wa baba mmoja, mzee mwenzangu sasa, mvi kichwa kizima. Wanabomoa nyumba ya marehemu baba yetu kule Kahama wajenge fremu za maduka, wakaona si vizuri kunisahau. "Shikamoo dada," akasema. "Hii ndiyo sehemu yako." Nikaitikia marahaba, halafu nikacheka mpaka akadhani nimepatwa na jambo. Wewe ngoja nikusimulie, utajua nilichekea nini. Mabati yale nilianza kuyasubiri nikiwa bado nang'oka meno ya utoto.

Nililelewa na bibi mzaa baba, kijijini upande wa Mhunze, miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru. Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba alikuwa fundi wa kuezeka, akiezeka nyumba za wafanyakazi kwenye machimbo ya almasi karibu na Maganzo, na alikuja kwetu kwa baiskeli, mara moja moja, na sukari kwenye karatasi. Siku akija sikubanduka ubavuni mwake. Nilimpenda baba yangu, sema nilimwabudu, na nisikufiche hilo maana ndilo linaloniuma.

Nyumba ya Bibi ilikuwa msonge, duara safi, kuta za udongo na paa la nyasi lililoshuka mpaka mtu mzima ainame kuingia. Ndani mlikuwa na ubaridi hata jua la saa saba likiwaka, na harufu ya moshi na samadi kavu. Kazi yangu ilikuwa kufagia zizi la mbuzi wetu mmoja, kisha kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yachuruzike, nijaze kibuyu. Nikirudi nakuta michembe imechemka, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye ungo. Bibi alikula polepole na kusema, "Anayekula mbio hajui alichokula." Mpaka leo nakula mbio.

Mwaka niliotimiza miaka minane, mvua za kwanza zilitanguliwa na kimbunga. Tulikuwa uani tunabangua karanga, alasiri, mbingu ikawa nyeusi upande mmoja. Bibi alinivuta tukajibanza nyuma ya kihenge cha mtama. Niliona kwa macho yangu paa letu likinyanyuka zima, likazunguka mara moja, likaenda kutua juu ya ua wa minyaa wa jirani na kuvunjikavunjika. Kuta zikabaki wazi, mvua ya mawe ikimiminika ndani kwenye vyungu. Bibi hakulia. Alisema tu kwamba nguzo bado zimesimama.

Na kweli, paa halikuwa jambo la kumtisha mtu siku zile. Kwetu paa la msonge lilisukwa chini, kisha watu wakalizunguka, wakalibeba kwa wimbo na kulivisha ukutani kama kofia. Uwe na ng'ombe mia, paa lako huwezi kulibeba peke yako. Asubuhi yake alikuja nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, akachuchumaa, akasalimia, akasema keshokutwa watu watakuja. Kila nyumba itatoa mzigo wa nyasi kutoka ngitili yake, ile sehemu ya malisho inayofungwa mifugo isiingie. Sisi tulitakiwa kupika tu. Lakini desturi hiyo ilikuwa na ukali wake: mikono ya watu haikataliwi. Ukiikataa, huwezi kuiita tena mpaka upeleke mbuzi na kuomba radhi mbele ya wote.

Kesho yake baba akafika, kasikia habari njiani. Alizunguka kuta akitikisa kichwa, akasema, "Mama, usikubali tena nyasi. Nyasi ni chakula cha mchwa. Mwezi huu hauishi, nimekuletea mabati." Bibi akasema watu wanakuja kesho. Baba akacheka. Akaeleza kwamba bati halikubali duara, linataka kona. Basi akavua shati, akashika jembe, akaziangusha kuta ambazo kimbunga kilikuwa kimetuachia. Mimi nilimsaidia kuvuta fito, nikiimba! Akapima kwa kamba, akapigilia vigingi vinne, akasema tuanze kupandisha ukuta kufuata hivyo. Jioni akapanda baiskeli akaondoka.

Watu walikuja asubuhi, safu ndefu, mizigo ya nyasi kichwani, wimbo unasikika tangu mbali. Wakakuta vigingi. Bibi alisimama mbele yao na kanga yake moja. Aliyesema ni mimi. Nilikimbia mbele nikapiga kelele kuwa nyumba yetu itakuwa ya bati, nyasi zao wapeleke kwa ng'ombe. Mtoto wa miaka minane, ulimi mrefu hivyo. Nsumba ntale hakunitazama hata. Alimwambia Bibi, "Sawa, mayu," yaani mama kwa lugha yetu. " Siku mkituhitaji, njia mnaijua." Wakageuka na mizigo yao. Bibi aliwasihi wale ugali uliokwisha kuiva, lakini mtu hali chakula cha kazi ambayo hakuifanya. Chungu kizima cha mlenda kilichacha.

Tukahamia jikoni, kibanda ambacho ukijinyoosha miguu inatoka nje. Mchana tulijenga. Mimi nakanyaga udongo, Bibi anausokota na kuujaza kwenye fito, na kwenye kila kona anasimama muda mrefu, maana maisha yake yote alijua kujenga duara tu. Mvua ikiosha ukuta, anarudia. Nikiona vumbi la lori barabarani nakimbia. Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama. Tukituma salamu kwa wapita njia, jibu ni lile lile: anakuja. Bibi akaanza kukohoa kifua, na alikuwa bado ananiambia, "Baba yako ni fundi. Fundi hachelewi bure."

Aliyetuletea ukweli ni mama mmoja jirani, aliyekwenda Kahama kununua mpunga. Aliingia na pongezi, maskini, hakujua. Akasema nyumba ya mwanao inang'aa, mayu, ukiwa mbali utadhani maji, na mkewe ni mchangamfu. Bibi akamuuliza ina kona ngapi. Akajibu nne. Bibi akamkaribisha karanga.

Baba alitusaliti. Nimezunguka neno hilo miaka mingi nikitafuta jingine la upole, sijalipata. Angetuacha na kuta zetu tungekuwa na paa siku ile ile.

Kesho yake Bibi akafungua mbuzi wetu, akampeleka mwenyewe, akapiga magoti mbele ya vijana aliowahi kuwafuta kamasi. Wakapokea radhi, wakaja. Ila nyasi za ngitili zilikuwa zimeshaliwa na ng'ombe, tukaezeka kwa mabua na masalia, na hakuna aliyezoea paa la kona. Kona moja ilivuja mpaka mwisho wa maisha ya Bibi.

Baba alirudi baada ya mavuno, na kanga mkononi. Bibi akaipokea, akashukuru. Mvua ya mwisho ya msimu ilikuwa inanyesha mchana ule. Akachukua kigoda akakiweka kwenye kona inayovuja, akamwambia, "Keti hapo, mwanangu. Hapo ndipo penye bati lako." Baba akaketi. Maji yalimdondokea shingoni na kwenye sahani ya michembe, na hakusogea. Mimi nilikaa upande mwingine, kwa mara ya kwanza mbali naye.

Siku hizi msonge huuoni tena kule, na paa unamwita fundi, wanakuja vijana wawili na ngazi. Wiki iliyopita mimi na mdogo wangu tuliyaburura mabati yale uani kwa makelele ya kutisha, na hakuna jirani aliyechungulia. Zamani hata wimbo wa mbali ulitosha.

Nikamtengea chai. Akanywa, akatazama mabati, akasema kwa upole kwamba baba aliwaambia siku zote mabati hayo aliyanunua kwa ajili ya mama yake, lakini bibi yule wa kijijini alikuwa mbishi, akayakataa, akapenda nyasi zake. Wamekua na hadithi hiyo. Wameisimulia kwa watoto wao.

Nikaweka kikombe chini.

"Bibi yetu hakukataa bati, mdogo wangu," nikamwambia. "Alilijengea kona nne, akalisubiri."