Sketi Iliyopasuka Nyuma

Juzi nilimpeleka mtoto wa mdogo wangu shuleni, nikakuta wanafunzi wakifundishwa kujificha darasani hatari ikija. Mwalimu alifunga mlango, nao wakaketi chini kimya, migongo ukutani.

Wakati wa vita, darasa letu hapa Kindu lilinuka chaki na mavi ya popo waliokaa darini. Mchana mmoja mwalimu alisukuma dawati hadi mlangoni, akasema, "Mulale wote kifudifudi! Sitaki kusikia hata kikohozi."

Sikulala. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, na mimi mkubwa ndiye niliyeshona nguo za nyumbani. Uzi wa mwisho ulikuwa umeishia kwenye kaptula ya mdogo wangu. Sketi yangu ilibaki imepasuka nyuma, kwa hiyo siku zote niliegemea ukuta.

"Lala chini, mutoto!"

"Mwalimu, miye nitakaa tu hivi."

Akanivuta chini. Mvulana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Muone, sketi yake iko na dirisha!" Darasa zima likacheka.

Mwalimu alivua koti lake, akanifunika. Alilivuta kwa nguvu hadi miguuni mwangu, nikadhani ni hasira. Leo najua aliogopa kwa ajili yetu. Lakini koti lile liliniaibisha kuliko kicheko. Kesho yake niliwaamsha wadogo zangu waende shule, mimi nikabaki, na sikurudi tena.

Juzi mlango ulipofunguliwa, watoto walitoka mbio. Nilibaki nikiutazama ule ukuta. Kuketi hivyo, mgongo ukutani, ningeweza.